Dume au Jike? Kupima Jinsia ya Kasuku kwa DNA Kabla ya Kuwarudisha Porini

Tenga la kasuku wa kijivu likikamatwa mpakani na kuletwa kituoni, kila mtu huuliza kwanza wangapi wako hai, kisha watalishwa nini. Swali la madume ni wangapi na majike ni wangapi huja baadaye sana, pengine siku ambayo mtu ameshaanza kuwapanga wawili wawili mabandani. Hapo ndipo ramli inapoanza: huyu mwenye kichwa kikubwa ni dume, yule mpole ni jike.

Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kasuku wa kijivu dume na jike wana rangi moja, mkia mmoja, jicho moja. Kwa wastani madume ni wakubwa kidogo, lakini jike aliyenona humzidi dume aliyekonda, na ndege aliyesafirishwa kimagendo kwa siku kadhaa bila chakula hana uzito wa kuaminika. Tabia nayo hudanganya. Wakifungiwa pamoja, ndege wawili wa jinsia moja hulishana, hukunana shingo, hata hupandana. Majike wawili wanaweza kutaga na kulalia mayai kwa uaminifu kabisa, na yasianguliwe hata moja.

Mwongozo huu ni kwa watu wa vituo vya uokoaji, maofisa wanyamapori, wanafunzi wa ikolojia na wapenda ndege wanaofanya kazi nao. Nimemchukua kasuku wa kijivu kwa sababu yuko kwetu, kuanzia misitu ya Kongo hadi Uganda na magharibi mwa Kenya, na kwa sababu hali yake ni mbaya. Tangu 2016 yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka, na mwezi Januari 2017 aliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, maana yake biashara ya kimataifa ya ndege waliotoka porini imepigwa marufuku. Huko Ghana, watafiti walikuta amepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mapema miaka ya 1990. Hatua hizi hizi zinafaa kwa korongo taji, tai na ndege wengine ambao dume na jike hawatofautishiki kwa macho.

Hatua ya 1: Amua kwanza jibu litabadilisha nini

Usichome ndege sindano kwa ajili ya udadisi. Kaa chini uandike uamuzi unaosubiri jibu: kuunda kundi la kuachiwa, kubadilishana ndege na kituo kingine, au kujua kama kundi la porini linapoteza majike. Kama hakuna uamuzi wowote utakaobadilika, mwache ndege apumzike.

Hesabu yenyewe ni hii. Wataalamu wa vinasaba hawatazami tu idadi ya vichwa, hutazama ukubwa unaofanya kazi, yaani idadi ya ndege wanaochangia kweli vinasaba vya kizazi kijacho, ambao kwa makadirio hupatikana kwa kuzidisha 4 kwa idadi ya madume kwa idadi ya majike, kisha kugawanya kwa jumla yao. Ndege 40 wakiwa 20 kwa 20, jibu ni 40. Wakiwa madume 30 na majike 10, jibu linashuka hadi 30. Wakiwa 35 kwa 5, unabaki na 17.5, ingawa kwenye banda bado unahesabu ndege 40 wanaokula karanga zako kila siku. Na kasuku huishi wawili wawili, kwa hiyo lile kundi la 30 kwa 10 lina jozi 10 tu. Madume 20 hawana wenza.

Mfano wa kale wa unyoya mmoja kuleta uamuzi ni wa kasuku wa buluu wa Spix, nchini Brazili. Mwaka 1990 porini alikuwa amebaki ndege mmoja tu, karibu na mji wa Curaçá. Hakuna aliyethubutu kumkamata. Ukaokotwa unyoya aliopukutisha, DNA yake ikapimwa, ikaonekana ni dume. Mwaka 1995 akaachiwa jike aliyetoka kizuizini ili wakutane. Jike yule alipotea baada ya wiki chache, na dume mwenyewe hakuonekana tena baada ya 2000. Kipimo kilikuwa sahihi, ila kilikuja wakati umekwisha. Ndiyo maana nasema swali hili liulizwe ndege wangali wengi.

Kasuku asiyeruka wa New Zealand, kakapo, aliyebaki na ndege 51 tu mwaka 1995, alikuwa na bahati zaidi. Wahifadhi walikuwa wakiwapa majike chakula cha ziada ili watage. Walipochunguza jinsia za makinda waligundua kwamba majike walioshibishwa wanazaa madume zaidi, jambo ambalo spishi ile haikulihitaji hata kidogo. Wakabadili ulishaji kwa kufuata uzito wa kila jike, na uwiano wa makinda ukakaa sawa. Kinda la kakapo halioneshi jinsia kwa sura. Bila DNA wangeendelea kulisha kwa nia njema huku wakijiharibia.

Hatua ya 2: Vibali

Hili halina ladha lakini halikwepeki. Damu, unyoya na ganda la yai vyote ni sampuli za wanyamapori kisheria. Tanzania utaanzia kwa TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Kenya kwa KWS (shirika la wanyamapori) na NACOSTI (tume ya sayansi). Uganda kwa UWA (mamlaka ya wanyamapori) na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Sampuli ikivuka mpaka, kwa ndege wa Kiambatisho cha Kwanza unahitaji kibali cha CITES cha nchi inayotoa na cha nchi inayopokea, hata kama unachotuma ni manyoya matano kwenye bahasha. Itifaki ya Nagoya nayo inadai makubaliano kuhusu nani atafaidika na vinasaba hivyo. Na kama ndege ni vielelezo vya kesi mahakamani, mwendesha mashtaka ajue kabla hujagusa chochote.

Ushauri wangu: tafuta maabara ndani ya nchi kwanza. Kipimo hiki si kigumu. Maabara yoyote ya chuo kikuu yenye mashine ya PCR (ya kunakili DNA) na vifaa vya jeli inakiweza, na karatasi utakazoepuka zitakuokolea miezi.

Hatua ya 3: Pete na namba kabla ya sampuli

Makosa mengi ya kazi hii hayatokei maabara. Hutokea kwenye meza ya kituo, pale bahasha namba 14 inapotiwa unyoya wa ndege namba 41. Kwa hiyo kila ndege avishwe pete ya mguuni yenye namba kabla hajatolewa hata unyoya mmoja, na bahasha ziandikwe zote kabla ndege wa kwanza hajashikwa. Tumia kalamu ya risasi, kwa sababu wino wa kalamu nyingi huyeyuka ukiguswa na spiriti. Andika namba ya pete, tarehe, mahali, aina ya sampuli na herufi za jina la aliyeichukua. Mtu mmoja asome namba ya pete kwa sauti, mwingine airudie huku akiiandika. Inachosha, lakini baada ya ndege 30 utaona kwa nini watu wawili wanahitajika.

Hatua ya 4: Chagua sampuli

Damu ndiyo bora. Tofauti na zetu, chembe nyekundu za damu za ndege zina kiini, na ndani ya kiini ndimo ilimo DNA, hivyo tone moja dogo linatosha na kusaza. Damu hiyohiyo inaweza kupimwa pia virusi vya ugonjwa wa mdomo na manyoya unaowasumbua kasuku, kwa hiyo unamshika ndege mara moja kwa kazi mbili.

Manyoya yaliyong'olewa yanashika nafasi ya pili, na kwa kituo kisicho na daktari ndiyo njia ya kawaida. Manyoya yaliyoanguka yenyewe yanafaa pia, hasa makubwa ya bawa na mkia, ambayo huwa na kitone kikavu cha damu ndani ya shina, pale shina tupu linapokutana na sehemu yenye vinyweleo. Mwambie fundi wa maabara akate hapo, asikate ncha tu. Lakini unyoya uliookotwa sakafuni mwa banda lenye kasuku kumi ni wa nani? Njia hii ni ya ndege wa porini mwenye kiota kinachojulikana, au ndege aliye peke yake. Ganda la yai lililoanguliwa lina utando wenye mishipa ya kinda ndani yake, nao unafaa. Kinyesi kiache kwa walio na uzoefu.

Kukata kucha hadi itoe damu, kama wafugaji wengine wafanyavyo, sikushauri. Kunauma, na kucha imekanyaga kinyesi cha banda zima.

Hatua ya 5: Kuchukua sampuli

Kabla ya yote, linda mapafu yako. Kasuku hubeba bakteria wa homa ya kasuku, anayeambukiza watu kwa vumbi la manyoya na kinyesi. Barakoa inayobana uso, glavu, na mahali penye hewa. Yeyote atakayepata homa na kikohozi baada ya kazi hii amwambie daktari kwamba ameshika kasuku, maana daktari hatakisia mwenyewe.

Fanya kazi asubuhi kukiwa na ubaridi. Mshikaji amfunike ndege kwa taulo, ashike kichwa kwa nyuma, kidole gumba na cha shahada vikiwa pande mbili za taya, na mwili uegemee kiganja bila kubanwa kifua. Ndege hana kiwambo cha kuvutia hewa kama chetu; kifua kikizuiwa kupanda na kushuka, anakufa mikononi huku ukidhani ametulia. Akianza kuhema mdomo wazi, mrudishe. Atapimwa siku nyingine.

Kwa manyoya, chagua kifuani, manne hadi sita. Usiguse ya mabawa wala mkia, atayahitaji kurukia. Pekua kwa upole, ushike unyoya mmoja karibu na ngozi, uvute mara moja kwa haraka kuelekea unakoota. Ukitazama kitako chake utaona ncha nyeupe, butu, pengine na chembe ya tishu iliyong'ang'ania. Hiyo ndiyo bidhaa unayoitafuta. Vinyweleo vingine vyote ni mapambo. Usiishike kwa kidole, usiibandike kwa selotepu. Ukiona shina ni la bluu-nyeusi na laini, huo ni unyoya unaokua na una damu ndani; uache, ukiung'oa utatoka damu nyingi. Badilisha glavu kwa kila ndege, na kibano kifutwe kwa spiriti na kupitishwa kwenye moto.

Damu ichukuliwe na daktari wa wanyama au mtu aliyefunzwa na mwenye ruhusa. Mshipa unaotumika uko upande wa ndani wa bawa, karibu na kiwiko, na huonekana wenyewe manyoya yakiloweshwa kwa spiriti. Sindano nyembamba, namba 26 au 27, inachoma tu. Tone linalojitokeza linafyonzwa kwa kimrija cha kioo au kuguswa na karatasi maalumu. Kanuni ya usalama ni kutozidi asilimia 1 ya uzito wa mwili. Kasuku wa gramu 400 angeweza kutoa mililita 4, wewe unahitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita. Bana kwa pamba hadi damu ikate, na usimrudishe bandani kabla hujahakikisha.

Ndege waliokufa njiani wasitupwe. Daktari akiwapasua ataona wazi: dume ana korodani mbili, jike kwa kawaida ana ovari moja, upande wa kushoto. Chukua sampuli zao na uandike jinsia iliyoonekana. Utaona thamani yao muda si mrefu.

Hatua ya 6: Kutunza

Manyoya yaende kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa plastiki. Plastiki hufungia unyevu, unyevu huleta ukungu, na ukungu hula DNA. Bahasha zikae kwenye chombo chenye vidonge vya kunyonya unyevu, mbali na jua. Damu kwenye karatasi maalumu ikaushwe kabisa kabla ya kufungwa. Ikiwa ya maji, itiwe kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, damu kidogo kwa ethanoli nyingi. Usitumie formalini kamwe. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, nayo huvuruga PCR, kwa hiyo kama unatumia chupa za hospitali chagua zenye EDTA, kizuia kuganda kingine. Mashirika ya usafiri wa anga yana masharti makali juu ya ethanoli, na ndiyo sababu mimi hupenda karatasi kavu.

Hatua ya 7: Kuzungumza na maabara

Si lazima ujue kuendesha mashine, lakini ujue inatafuta nini. Kwetu binadamu, baba mwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA) za X na Y ndiye anayebeba tofauti. Kwa ndege ni kinyume: dume ana kromosomu mbili za Z, jike ana Z moja na W moja. Kuna jeni iitwayo CHD1 inayopatikana kwenye Z na kwenye W, ila ndani yake kuna kipande kisichotengeneza protini ambacho urefu wake hutofautiana kati ya kromosomu hizo mbili. PCR hukinakili kipande hicho mara mamilioni, kisha nakala hupitishwa kwenye jeli kwa umeme. Jeli ni kama chekeche: vipande vifupi hupenya mbele, virefu hubaki nyuma. Chini ya taa, dume anaonesha mstari mmoja, jike miwili.

Praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoielekeza PCR mahali pa kunakili, zinazotumika sana ni P2 na P8, zilizotangazwa na Griffiths na wenzake mwaka 1998, na 2550F/2718R za Fridolfsson na Ellegren, 1999. P2/P8 zinafanya kazi kwa ndege wengi, lakini mara nyingine mistari miwili hukaribiana mno hata ikaonekana mmoja. Jeli nzito ya asilimia 3 na muda mrefu zaidi husaidia. 2550F/2718R hutenganisha vizuri zaidi, ila zina mtego wake: kipande cha W ni kifupi, kifupi hunakiliwa kwa urahisi, na wakati mwingine jike huonesha mstari wake wa W peke yake. Mwanafunzi asiyeangalia urefu ataandika "dume". Mbuni na jamaa zake hawapimiki kwa praima hizi, kwa kuwa Z na W zao bado zinafanana karibu kote. Kuna praima nyingine za kwao.

Dai mambo haya bila haya. Kila jeli iwe na dume mmoja na jike mmoja wanaojulikana, na hapa ndipo wale waliopasuliwa wanapolipa, pamoja na sampuli tupu ya maji, isiyopaswa kuonesha mstari wowote. Ukionekana, kuna uchafuzi na jeli nzima irudiwe. Kila "dume" kutoka kwenye unyoya arudiwe angalau mara moja, maana mstari mmoja unaweza kuwa wa jike ambaye mstari wake wa pili haukutokea kwa uhaba wa DNA. Mistari miwili safi haina ubishi mkubwa. Kukosekana kwa mstari kabisa maana yake sampuli imeshindwa, basi. Omba picha ya jeli pamoja na orodha ya majibu. Na kwa siri, wape ndege watatu au wanne mara mbili kwa namba tofauti. Majibu yakigongana, rudi kwenye Hatua ya 3 kabla hujamlaumu fundi.

Hatua ya 8: Kutumia jibu

Usishtuke upesi. Kundi la ndege 20 litokalo mahali penye usawa kamili litaleta 13 kwa 7, au tofauti kubwa kuliko hiyo, takribani mara moja katika kila nne, kwa bahati tu. Ila ukiona upande mmoja unazidi tenga baada ya tenga, hapo kuna jambo. Kwa ndege wengi ambao majike hulalia mayai, jike ndiye anayekamatwa na kuliwa kiotani, na makundi yaliyopungua sana porini mara nyingi huonekana na madume wengi kupita kiasi. Taarifa hiyo iwafikie wanaolinda viota, isiishie kwenye kabati la kituo.

Kwa wanaoachiwa, usilazimishe ndoa. Weka kundi lenye uwiano unaokaribiana katika banda kubwa, waache wachaguane, kisha linganisha jozi zilizojitokeza na majibu ya DNA. Jozi ya madume wawili si tatizo porini, wataachana wakipata nafasi. Ni tatizo kama umehesabu jozi hiyo kwenye mpango wa kuzalisha. Nchini Rwanda, ambako shirika la RWCA limekuwa likikusanya korongo taji waliofugwa majumbani na kwenye bustani za hoteli, wasioweza tena kuruka hutunzwa kwenye kijiji cha Umusambi, Kigali. Kwa ndege wa namna hiyo, watakaoishi miaka mingi chini ya uangalizi, kujua jinsia ni sehemu ya matunzo: nani akae na nani, na mayai yatarajiwe wapi.

Jinsia haikuambii ndege ametoka msitu gani, wala kama ni mzima. Kipimo cha magonjwa na asili ya ndege vitangulie siku ya kufungua mlango.

Kwenye daftari, tenganisha "dume (DNA)" na "dume (kisio)", kwa sababu atakayelisoma miaka mitano ijayo hatakuwa na wewe wa kumuuliza. Andika praima zilizotumika, tarehe, na picha ya jeli iko wapi. DNA iliyobaki ihifadhiwe kwenye friza kwa namba ileile ya pete. Inaweza baadaye kuonesha undugu kati ya ndege, au asili yao, kama kibali kinaruhusu. Kibali kikisema sampuli ziteketezwe baada ya kazi, ziteketeze, uandike tarehe na majina ya waliokuwepo.